Chakula cha moto kisikutane na plastiki: namna ya kukwepa kemikali bila kutupa vyombo vyote

Ukitaka kubadilisha kitu kimoja tu kuanzia leo kwenye haya mambo ya vyombo vya plastiki, badilisha hiki: chakula kikiwa cha moto kisiguse plastiki. Hata usiposoma mpaka mwisho, hilo peke yake litakuwa limekutoa kwenye sehemu kubwa ya tatizo. Nasema hivi kwa sababu habari nyingi za plastiki zinawatisha watu mpaka wanakata tamaa, mtu anasema kila kitu siku hizi ni sumu sasa tule nini, alafu anaendelea kumimina supu inayochemka kwenye bakuli la plastiki kama kawaida. Mi naamini mtu akishaelewa kinachotokea mle ndani ya chombo atajua mwenyewe lini awe makini na lini atulie, kwahiyo tuanzie hapo.

Kinachotokea ndani ya chombo

Plastiki ina minyororo mirefu ya molekuli, hiyo ndo inalipa kontena umbo lake, na yenyewe haina shida sana mana ni mikubwa, haitoki kirahisi. Shida iko kwenye vitu vidogo vilivyochanganywa humo humo: vya kulainisha, vya kuzuia isipauke na jua, vya rangi, vya kuzuia isishike moto, pamoja na mabaki ya malighafi ambayo hayakuungana vizuri kiwandani. Vingi kati ya hivi havijashikana na ile minyororo, vimekaa tu katikati yake, na vikipata nafasi vinahama vinaingia kwenye chakula.

Na nafasi vinaipata hivi. Kwanza joto. Weka majani ya chai kwenye maji baridi uone rangi inavyotoka kwa kusuasua, alafu weka mengine kwenye maji yanayochemka, ndo hivohivo. Pili mafuta, kwa sababu kemikali nyingi za aina hii zinayeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwahiyo mchuzi wenye mafuta yanayoelea unavuta zaidi kuliko maji matupu. Alafu kuna uchachu, yaani siki, ndimu, nyanya na jamaa zao. Kuna muda, chakula kilicholala siku tatu sio sawa na kilichokaa dakika tano. Na kuna uchakavu wa chombo chenyewe, ambao watu wengi hawaufikirii kabisa. Sasa ukipasha mchuzi wa nyanya wenye mafuta kwenye kontena la plastiki lililochakaa ndani ya maikrowevu, unakuwa umevikusanya karibu vyote kwa mpigo.

Chukua lile kontena lako la siku zote ambalo uliwahi kupashia mchuzi likabaki na rangi ya machungwa isiyotoka ata usugue vipi. Liweke kwenye mwanga uliangalie vizuri. Mara nyingi rangi imeshika zaidi kwenye mstari mmoja unaozunguka, pale mafuta yalipokuwa yanaelea, na kwenye huohuo mstari utakuta mabaka meupe, plastiki imepauka, ukipitisha kucha unasikia vijishimo vidogo wakati sehemu nyingine ni laini. Sababu ni kwamba maji yakifika nyuzi 100 yanaishia hapo yanakuwa mvuke, lakini mafuta yanaendelea kupanda, kwahiyo pale yalipogusa plastiki ndo palipoungua. Na ile rangi ya nyanya haiko juu juu, imezama ndani ya plastiki. Kama rangi imeweza kuingia, basi na vya ndani navyo vinaweza kutoka. Kontena la namna hiyo likifika hapo limemaliza kazi ya kubeba chakula.

Kemikali zinazosemwa sana

Inayojulikana kuliko zote ni BPA, kirefu chake bisfenoli A. Ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1891, na miaka ya 1930 watafiti Uingereza walikuwa tayari wameiona inaiga kazi ya estrojeni, homoni ya kike. Baadae viwanda vikaja kuitumia kutengeneza plastiki ngumu inayoangaza kama kioo, polikaboneti, pamoja na ile rangi ya epoksi inayopakwa ndani ya makopo ya chakula. Kwahiyo mtu akikwambia habari za BPA na homoni ni uvumi wa mtandaoni, mwambie ilijulikana kabla haijafika jikoni.

Serikali nazo zimekuwa zikibana kidogo kidogo. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za watoto mwaka 2011, Marekani ikafuata 2012 kwenye chupa na vikombe vya watoto, Ufaransa 2015 ikaitoa kwenye vifungashio vyote vya chakula. Aprili 2023 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ikashusha kiwango ambacho mtu anaweza kula kila siku bila wasiwasi mpaka nanogramu 0.2 (nanogramu ni gramu moja ukiigawa mara bilioni) kwa kila kilo ya uzito wa mwili, ambayo ni ndogo mara 20,000 kuliko ile waliyokuwa wameiweka 2015, na Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha marufuku ya BPA kwenye vitu vinavyogusa chakula, imeanza Januari 2025 ila viwanda vimepewa muda wa kujipanga. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani yenyewe bado inasema kiasi kilichopo kwenye chakula ni salama, na ata huko Ulaya wapo wataalamu wanaoona hicho kiwango kipya kimebana mno. Wataalamu hawajakubaliana kabisa, na ni haki msomaji ajue hivo. Lakini kwa kitu ambacho kukikwepa ni rahisi hivi, mi sioni sababu ya kusubiri wakubaliane.

Kundi la pili ni thaleti. Hizi zinawekwa kulainisha plastiki ya PVC, zile ngozi laini, mipira ya kupitishia vimiminika, glavu na baadhi ya karatasi za nailoni za kufunikia chakula. Thaleti kadhaa zinaingilia homoni za kiume, na wanaotakiwa kujihadhari zaidi ni wajawazito na watoto wadogo, mana mwili unaojengwa unaongozwa na homoni kwa vipimo vidogo sana. Alafu kuna staireni ya kwenye zile boksi nyeupe nyepesi za povu, ambayo shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka mwaka 2018 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Na kuna chembe zenyewe za plastiki, mikroplastiki, nitazigusa nikifika kwenye maikrowevu.

Sasa habari njema, na hii watu hawaisemi vya kutosha. BPA na thaleti hazikai mwilini miaka na miaka, nyingi zinatoka kwa mkojo ndani ya siku moja au mbili. Ndo mana ukibadilisha tabia matokeo yanaonekana haraka. Mwaka 2011 kule California watafiti walichukua familia 5 zenye watu 20 wakawalisha siku 3 chakula kibichi kilichopikwa upya kisichopitia makopo wala plastiki, BPA kwenye mkojo ikashuka kwa wastani wa asilimia 66, na mabaki ya thaleti moja inayotumika sana yakashuka kwa zaidi ya nusu. Mwaka huohuo watafiti wa Harvard waliwapa watu 75 supu ya kopo mara moja kwa siku kwa siku 5, BPA ikapanda kwa zaidi ya asilimia 1,000 ukilinganisha na siku walizokula supu ya kupika. Siku tano tu! Kwahiyo usiseme "nimeshakula plastiki miaka ishirini, sahivi itanisaidia nini".

Geuza chombo uangalie chini

Chini ya vyombo vingi kuna kipembetatu cha mishale chenye namba 1 mpaka 7. Utaratibu huu ulianzishwa Marekani mwaka 1988 na watu wa viwanda vya plastiki kusaidia wanaochambua taka, kwahiyo namba haikwambii chombo ni salama, inakwambia tu kimetengenezwa na plastiki gani. Ila ukishajua aina unajua pia tabia yake.

Namba 5 ni PP, polipropilini, ndo makontena mengi ya chakula yenye mfuniko wa kubana, inavumilia joto kuliko wenzake na haitengenezwi kwa BPA. Kama lazima utumie plastiki kwenye chakula, tafuta hii. Namba 2 na 4 ni za familia ya polithini, ngumu kwenye madumu na chupa za maziwa, laini kwenye mifuko, nazo ziko vizuri kwa vitu vya baridi. Namba 1, PET, ni chupa za maji na soda, imetengenezwa itumike mara moja, kwenye ubaridi haina neno ila haipendi joto: inajikunja na kiwandani hutumika madini ya antimoni ambayo joto likizidi yanaanza kutoka kwenda kwenye maji. Sio kwamba ukiacha chupa kwenye gari saa mbili umekwisha, hapana, inahitaji joto kali kwa muda mrefu, lakini katoni za maji zinazoachwa juani wiki nzima ni jambo lingine, ziweke kivulini.

Za kukaa nazo mbali ni 3, 6 na 7, na hili sio langu, madaktari wa watoto wa Marekani kupitia chama chao walishauri hivo mwaka 2018. Namba 3 ni PVC, ndo nyumba ya thaleti. Namba 6 ni polistaireni, yale maboksi na vikombe vya povu pamoja na vijiko na vikombe vyembamba vinavyokatika kirahisi. Namba 7 ndo inachanganya watu, mana maana yake ni "nyinginezo", humo kuna polikaboneti yenye BPA, kuna plastiki mpya zisizo na BPA, kuna mpaka zinazotengenezwa kwa mimea. Ukikuta 7 na chombo ni kigumu kinaangaza kama kioo na ni cha zamani, chukulia ni polikaboneti usikitumie kwa chakula. Na kikiwa hakina namba yoyote wala alama ya glasi na uma, ambayo ndo alama ya kwamba kimetengenezwa kwa ajili ya chakula, basi kiweke vitu visivyoliwa.

Hapo niongeze kitu ambacho kinaniumiza nikikiona: ndoo zilizokuwa na rangi ya ukuta, dawa ya kuulia wadudu au mafuta ya mashine kuoshwa zikawekwa maji ya kunywa au unga. Ndoo inaweza kuwa namba 2, nzuri kabisa, lakini ilichobeba kimeshazama kwenye plastiki kama ile rangi ya nyanya ilivyozama, sabuni haiwezi kukifuata huko. Usifanye, na ukimwona jirani anafanya mwambie kwa upole.

Jikoni kila siku

Maikrowevu. Hamisha chakula kwenye sahani au bakuli la kioo au kauri kabla ya kupasha, kila mara, hata kama kontena lina alama kwamba linafaa kwa maikrowevu. Ile alama maana yake kubwa ni kwamba chombo hakitayeyuka wala kupinda, sio kwamba hakuna kitu kitakachotoka. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska walipasha makontena ya chakula cha watoto kwa dakika 3, baadhi yakatoa chembe za mikroplastiki zaidi ya milioni 4 na nyingine ndogo kuliko hizo, zaidi ya bilioni 2, kutoka kwenye eneo la sentimita moja ya mraba tu, na hizo ni bidhaa zilizokuwa zinauzwa kwa ajili ya watoto. Chembe hizo zinafanya nini mwilini bado utafiti unaendelea, ila kuhamisha chakula ni kazi ya sekunde kumi. Kufunika ili kisirukeruke tumia sahani nyingine ya kauri juu yake au karatasi ya jikoni isiyo na rangi. Ile karatasi ya nailoni usiiweke, na kama unaitumia kwenye friji isiguse chakula, hasa jibini na nyama yenye mafuta.

Kufungasha chakula cha kazini au shuleni. Hapa ndo watu wanakwama mana asubuhi mtu ana haraka, chakula ndo kimetoka jikoni kinafuka moshi, anapakua kwenye kontena la plastiki anabana mfuniko anaondoka, na kile chakula kinajipika upya mle ndani mpaka saa saba mchana. Fungua mfuniko wa kontena la hivo uangalie kwa ndani: matone ya mvuke yamejaa, makubwa, mengine yana rangi ya mafuta, na ukiinamisha yanadondoka kwenye chakula. Mfuniko nao ni plastiki, tena mara nyingi laini kuliko kontena lenyewe. Suluhisho ni mawili. Kama unataka kula kikiwa cha moto, nunua chombo cha stenlesi ndani, zile chupa za chakula zinazotunza joto, kitakaa miaka. Kama utapasha huko uendako, pakua usiku, kipoze, weka friji, asubuhi ubebe kikiwa baridi alafu ukifika uhamishie kwenye sahani. Kwenye kupoza kuna tahadhari: usikiache nje usiku kucha ukikimbia plastiki ukaangukia kwenye bakteria, chakula kilichopikwa kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Kimwage kwenye sinia pana au sufuria pana, kinapoa upesi, kikishapoa ndo kiingie kwenye kontena.

Kwenye sufuria, mwiko wa mbao au wa stenlesi badala ya wa plastiki. Hii ya miko myeusi ilizua kelele sana mwaka 2024, utafiti ulisema plastiki nyeusi ya jikoni ina kemikali za kuzuia moto zinazotoka kwenye maganda ya televisheni na kompyuta yaliyoyeyushwa upya, na kwamba mtu anakaribia kiwango cha hatari. Baadae ikagundulika walikosea kuzidisha, kiwango halisi cha hatari kilikuwa kikubwa mara kumi ya walichoandika, yaani mtu yuko mbali nacho kuliko walivyosema, wakasahihisha. Kwahiyo ile hofu ya "tupa leo leo" ilipitiliza. Lakini kwamba kemikali zile zilikutwa kwenye baadhi ya vyombo hilo halijafutwa, na mwiko wa plastiki unaozama kwenye mafuta ya kukaangia ni joto na mafuta kwa pamoja, kwahiyo ukichakaa nunua wa mbao.

Kuosha. Usitumie waya wa kusugulia kwenye plastiki, kila mkwaruzo unaongeza eneo linalogusa chakula na kuacha njia za kemikali na vijidudu, tumia sponji laini na maji ya uvuguvugu. Mashine ya kuoshea vyombo ina joto na sabuni kali, vyombo vya plastiki vioshe kwa mkono. Chombo kikishapauka, kikinata, kikitoa harufu ukimimina maji ya uvuguvugu, au kikipasuka pasuka vimistari, kistaafishe.

Mafuta ya kupikia, siki, achari na maji ya ndimu vihifadhi kwenye chupa za kioo, hivi vinakaa muda mrefu na ndo vinavyovuta. Ukinunua mafuta kwenye dumu la plastiki hamisha kiasi kwenye chupa ya kioo na lile dumu uliweke mahali pa baridi penye giza, sio juu ya jiko. Vitu vikavu kama unga, sukari, chumvi na nafaka havina haja ya kukuhangaisha, vinakaa kwenye ndoo ya plastiki ya chakula bila shida kubwa.

Chakula cha kununua kikija kwenye boksi la povu au mfuko wa nailoni kikiwa cha moto, kitoe hapohapo ukifika, au beba chombo chako cha stenlesi uombe wakupakulie humo. Boksi la karatasi sio tiketi ya usalama moja kwa moja, mengi yamepakwa polithini ndani, na yale yasiyopitisha mafuta yalikuwa yanawekwa kemikali za PFAS ambazo haziozi, Marekani walitangaza Februari 2024 kwamba zimeacha kuuzwa huko kwa matumizi hayo.

Sahani za melamini, zile ngumu zinazong'aa zinazofanana na kauri ila hazivunjiki, ni plastiki pia. Wataalamu wa Ujerumani wanashauri zisitumike kwa vitu vinavyozidi nyuzi 70 wala kwenye maikrowevu, hasa chakula kichachu, kwa sababu zinatoa melamini na fomaldehaidi. Na vile vikombe vinavyouzwa kama vya mianzi, vya asili kabisa, vingi ni unga wa mianzi uliogandishwa kwa melamini. Vitumie kwa matunda na vitafunwa vikavu, uji wa moto hapana.

Mtoto wa chupa

Hapa naomba wazazi na walezi mtulie msome taratibu. Mwaka 2020 watafiti wa Trinity College ya Dublin walipima chupa za watoto za polipropilini, ile namba 5 tunayoisifia, wakakuta zinaweza kutoa mpaka chembe milioni 16 za mikroplastiki kwa lita moja, na maji yakiwa ya moto zaidi zinaongezeka. Sasa tatizo ni kwamba maziwa ya unga yanatakiwa kukorogwa na maji yasiyopungua nyuzi 70 ili kuua vijidudu, ndo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kwahiyo usije ukatumia maji ya vuguvugu eti unakimbia plastiki, vijidudu vinaua mtoto haraka kuliko chochote nilichokiandika hapa.

Fanya hivi. Chemsha maji kwenye birika la chuma au sufuria, sio birika la plastiki. Koroga maziwa kwenye jagi la kioo au la stenlesi lililochemshwa likawa safi. Poza kwa kuliweka jagi kwenye bakuli la maji baridi mpaka ukidondoshea ndani ya kifundo cha mkono usihisi moto. Chupa ya plastiki uliyoichemsha kuua vijidudu isuuze mara tatu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, alafu ndo umimine maziwa. Usiitikise kwa nguvu maziwa yakiwa ya moto, na usipashe chupa kwenye maikrowevu, kwanza inapasha vibaya, nje ya uvuguvugu katikati moto wa kumuunguza mtoto. Ukiweza kupata chupa ya kioo au stenlesi itakupunguzia hizi hatua zote. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa yapashie kwa kuzamisha chombo kwenye maji ya uvuguvugu, yasifike moto.

Lebo ya "haina BPA"

Ichukulie kama nusu ya habari. Viwanda vingi vilipotoa BPA viliweka ndugu zake, BPS na BPF, na majaribio ya maabara yanaonyesha nazo zinagusa homoni kwa namna inayofanana. Kwahiyo chupa yenye hiyo lebo bado isiwekwe chai ya moto. Alafu lebo hiyo kwenye kontena la polipropilini haina uzito wowote mana polipropilini haikuwa na BPA tangu mwanzo, usilipie zaidi kwa ajili ya hayo maandishi.

Na ule ujumbe unaozunguka kwenye simu kwamba kugandisha chupa ya maji kwenye freza kunatoa dioksini, achana nao. Chupa hazina dioksini, na baridi inapunguza mwendo wa kemikali, haiuongezi.

Uanze kubadilisha wapi

Usitupe vyombo vyote siku moja, ni hasara na hakuna haja. Anza na chombo cha kupashia, bakuli moja tu la kioo linalovumilia joto. Cha pili kiwe chombo cha stenlesi cha kubebea chakula cha moto. Cha tatu chupa ya mtoto kama unaye. Baada ya hapo mitungi ya kioo unayopata bure ukinunua jemu au asali, ioshe, ichemshe, inahifadhi mafuta, viungo na mabaki ya chakula, ila ukigandisha acha nafasi juu mana kimiminika kinavimba na kioo kinapasuka, na usitoe kioo kwenye freza ukakimwagia maji ya moto. Stenlesi usiipeleke kwenye maikrowevu. Sufuria ya alumini inapika vizuri lakini usilaze humo chakula kichachu, uchachu unaila alumini. Vyungu na bakuli za zamani zenye nakshi za rangi kali zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwenye ung'ao wake, hizo ziwe za mapambo.

Makopo ya bati punguza pale unapoweza kupata kitu kibichi, kikavu au cha kwenye chupa ya kioo, na kopo likiwa limebonyea kwenye ukingo liache dukani. Usilipashie kopo motoni likiwa na chakula ndani.

Makontena uliyoyastaafisha yaliyokwaruzika kwa kawaida tu bado yana kazi, weka misumari, vifungo, nyuzi, mbegu za kupanda, na uandike juu kwa kalamu isiyofutika "sio ya chakula" ili mgeni au mtoto asije akapakulia humo.